Picha nyeusi na nyeupe kwenye harusi: zipi uzichague

Ukutani kwa mama, Mpwapwa, kuna picha ya harusi yake na baba ya mwaka 1974, nyeusi na nyeupe. Hadi leo unaona mkunjo wa kola ya baba. Shangazi aliolewa 1979, akapigwa picha za rangi, akazitunza gizani kwenye sanduku la bati. Zimegeuka wekundu mtupu, na miti iliyokuwa nyuma yao imekuwa kahawia. Picha za rangi za miaka ile ziliundwa kwa rangi zilizopauka hata bila kuguswa na jua. Ile ya wazazi imeshikwa na chembe za madini ya fedha ndani ya karatasi, na hizo, picha ikisafishwa vizuri studio, hudumu.

Siku hizi picha zinatoka kwenye kompyuta, kwa hiyo hilo la fedha halikuhusu sana. Mimi nilizipendea nyeusi na nyeupe kwa sababu nyingine, na niliigundua nikiwa nimeshachelewa.

Tulifunga ndoa Dodoma mjini, mwezi wa Oktoba. Ukumbini mpambaji alifunga taa za zambarau ukuta mzima. Zilipendeza kwa macho, lakini kwenye picha kila mtu akawa zambarau, mpaka meno. Kuna moja ya baba amenishika mkono kabla ya kunikabidhi kwa mume wangu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naipita tu, maana jicho lilikimbilia taa, kisha utepe wa dhahabu kwenye viti, kisha kreti za soda pale nyuma. Siku moja mdogo wangu akaitoa rangi kwenye simu yake. Nikaona vidole vya baba. Alikuwa amenibana kiasi kwamba mishipa imemtoka, na mdomo wa chini ameung'ata. Nililia palepale.

Tangu hapo nawaambia mabibi harusi wote ninaowafahamu: picha za hisia, yaani mkono, machozi, mama anapokufunga shela, ziombe nyeusi na nyeupe. Rangi ikiondoka, uso unabaki peke yake.

Ila usiombe zote. Mama zangu wadogo walishona sare ya kitenge chekundu chenye maua ya kijani. Nyekundu na kijani zikilingana mwangaza, zikitolewa rangi zinakuwa kijivu kimoja, na maua yote yanapotea. Watu wamechanga, wamehangaika na fundi, halafu unawarudishia kijivu! Sare, mapambo na keki ziache na rangi zake.

Kwa picha za nje, mkoa wetu umebarikiwa. Miamba ya Dodoma na magome ya mibuyu, hasa kiangazi mibuyu ikiwa haina majani, hutoka vizuri mno bila rangi. Hata vumbi. Kwenye sendofu yangu kina mama wa Kigogo walipiga muheme, ngoma ziko katikati ya mapaja, na vumbi lililotimka lilinasa mwanga wa jioni nyuma ya vichwa vyao. Kwa rangi ni vumbi jekundu. Bila rangi ni kama moshi wa ubani. Lakini usikubali kupigwa saa saba mchana. Mwezi wa Oktoba jua letu linasimama utosini na macho yote yanageuka mashimo meusi. Ingia kivulini, au subiri saa kumi na moja.

La ngozi nalisema kwa uchungu. Gauni jeupe huidanganya kamera: inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi unazama. Wapo wanaotibu hilo kwa kukupausha. Kabla ya kulipa, muombe mpigapicha akuonyeshe picha ya bibi harusi mweusi kama wewe, ambapo unaona lesi ya gauni na pia mng'ao wa shavu. Akikosa hata moja, mshukuru, uende kwa mwingine.

Kwa kuwa mara nyingi kamati ya harusi ndiyo inayozungumza bei, nyie wenyewe mkae naye japo nusu saa. Muelewane kwamba atapiga kwa rangi, abadilishe baadaye, na awakabidhi faili zote mbili. Mkipewa nyeusi na nyeupe peke yake, rangi hairudi. Na mkatazeni ule mtindo wa kuacha ua jekundu peke yake huku nyie wote mkiwa kijivu. Mimi niliwekewa bila kuulizwa, na sasa picha nzima ni ua.

Ile ya baba tuliisafisha kubwa mwaka aliofariki. Mama ameitundika chini ya ile ya 1974.