Uso wa mwanangu umevimba kwa dawa, niziache?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 11 aliharisha damu kwa miezi. Tulitibu amiba mara kwa mara bila nafuu, mpaka hospitali ya rufaa wakampima utumbo mpana kwa kamera na kuchukua vinyama. Wakasema ana kolaitisi ya vidonda, yaani ugonjwa wa kudumu wa vidonda kwenye utumbo mpana. Sasa anatumia prednisoloni na mesalazini. Damu imekata, lakini uso umevimba, anakula usiku na mchana, na shuleni wanamwita Bonge. Mjomba wake anasema ameshapona, niache dawa zote. Vidonge vya mesalazini ni vikubwa, namsagia kwenye uji. Nifanyeje?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Pole kwa kuhangaika.

Prednisoloni usiikate ghafla, hata uso ukivimba vipi. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo. Mtoto akiimeza kwa wiki kadhaa, tezi hizo hulala. Ukiikata kwa siku moja anaweza kulegea, kutapika, presha ikashuka, hata akapoteza maisha. Hupunguzwa kidogo kidogo, wiki hadi wiki, kwa ratiba ya daktari wake. Kama hukuandikiwa ratiba hiyo, rudi kliniki wiki hii uidai, kwa sababu si dawa ya kukaa nayo: ikizidi muda inadumaza kimo na kudhoofisha mifupa. Dozi ikishuka, uso nao utapungua. Mpe asubuhi baada ya chai, maana ikimezwa usiku inafukuza usingizi.

Mesalazini ndiyo ya kudumu nayo, kwa miaka. Mjomba anampenda mtoto, lakini hapo namkatalia kabisa. Damu kukata maana yake ni kwamba dawa zinafanya kazi. Ugonjwa huu hutulia, na dawa zikiachwa huamka. Kwa watoto, mara nyingi huenea utumbo mpana wote, kuliko kwa watu wazima.

Na kusaga, acha leo. Kidonge hicho kimevikwa ganda ili kisiyeyuke njiani, kifike chini kwenye vidonda. Ukikisaga, dawa inaishia juu. Ulizia ya chembechembe za pakiti. Ikiwa haipatikani au bei inawashinda, muulize daktari kuhusu sulfasalazini: ni ya zamani, nafuu, na inafaa kwa asiye na mzio wa salfa. Hupewa pamoja na foliki asidi. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, msishtuke.

Akiumwa kichwa au homa, mpe paracetamol. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuamsha vidonda. Kabla ya chanjo yoyote, mwambie muuguzi dawa anazotumia.

Damu ikirudi, akienda choo mara sita au zaidi kwa siku, akiamshwa usiku na tumbo, au tumbo likijaa na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Anaweza kuhitaji dawa za mshipa. Zisipomsaidia ndani ya siku chache, ipo infliksimabu, dawa ya dripu ya kutuliza kinga ya mwili, baada ya kupimwa TB, na upo upasuaji wa kuondoa utumbo mpana. Msiuogope: watoto wengi hurudi darasani baada yake.

Kuhusu hilo jina la Bonge, nenda kaonane na mwalimu wa darasa. Mwambie uvimbe ni wa dawa, akomeshe utani huo, na mtoto akiomba kwenda chooni aruhusiwe papo hapo, hata katikati ya mtihani.