Mbona mimi nimeanza miwani kabla ya kaka yangu?

SWALI: Nina umri wa miaka 41, na tangu mwaka jana siwezi kusoma maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa bila miwani. Kaka yangu amekwisha kutimiza miaka 52, lakini husoma gazeti kwa macho matupu, naye hunitania kwamba nimeyachakaza macho yangu kwa kupenda vitabu. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, vitabu havina hatia. Nyuma ya mboni ya jicho mna lenzi inayonyumbuka, ambayo misuli inayoizunguka ikijikaza, yenyewe hutuna na kutuwezesha kuona kilicho karibu. Lenzi hiyo hukakamaa kidogo kidogo tangu utotoni, bila sisi kuhisi. Mtoto wa miaka 10 huona sawasawa kitu kilicho sentimita 7 au 8 tu kutoka jichoni. Kwenye miaka 40 umbali huo hufikia sentimita 20 hadi 25, na kwenye miaka 50 hukaribia nusu mita, ambako ni mbali kuliko tunavyoshika kitabu.

Hali hiyo haimruki mtu. Watu hupishana zaidi kwa umbo la jicho walilozaliwa nalo au walilokua nalo. Mwenye jicho fupi kidogo, toka mbele hadi nyuma, hulazimika kuikaza misuli hata anapotazama mbali, kwa hiyo anapogeukia kitabu huwa amekwisha kutumia sehemu ya nguvu zake, na akiba humwishia mapema, pengine kabla ya miaka 40. Nashuku wewe ni mmoja wao, ingawa ni kipimo tu kitakachothibitisha.

Kuhusu kaka yako, ningependa kujua kama huvaa miwani ya kuonea mbali na kuivua anaposoma. Jicho refu, lisiloona vizuri vya mbali, likihitaji lenzi ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2 hadi 3, huona wazi bila jitihada kitu kilicho kati ya sentimita 33 na 50. Lenzi yake imekakamaa kama za wenzake, ila kasoro yake ya zamani inamsitiri. Kama havai miwani kabisa, na azibe jicho moja kisha jingine: wapo ambao jicho moja huona mbali na jingine karibu, wakaishi miaka mingi bila kujua.

Mwanga mkali nao husaidia, kwa kuwa mboni ikifinyika picha huwa wazi zaidi. Mwenye mikono mirefu naye huahirisha siku chache. Baadhi ya dawa, zikiwemo za mzio na za sonona, huilegeza misuli ya jicho, na kisukari huweza kuharakisha tatizo, hivyo mtajie daktari wa macho dawa zote unazotumia. Miwani yenyewe haiyadhoofishi macho; ivae kila unaposoma. Lakini uoni ukibadilika ghafla, au katika jicho moja tu, usinunue miwani nyingine kabla ya kupimwa.