Hakimu Asicheke

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika vichekesho vya kikundi chetu cha maigizo hapa Morogoro. Watu wanacheka sana, ila sifa zote huenda kwa waigizaji, na baba ananiambia niache upuuzi, niandike tamthilia za maana. Nimekutumia kipande cha mwizi wa kuku. Hii nayo ni kazi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kazi, tena ngumu. Anayeandika msiba, ukumbi ukinyamaza hajui kama watu wameguswa au wamesinzia. Wewe unajua papo hapo.

Kipande chako nimekisoma. Mshitakiwa anasema: "Mheshimiwa, kuku alinifuata mwenyewe mpaka jikoni, kwa hiyo mimi sikumwiba." Kicheko kiko kwenye "jikoni", lakini umekifukia kwa maneno yanayofuata, na watazamaji wanajizuia ili wasikie mwisho. Geuza: "Sikumwiba, mheshimiwa. Alinifuata mwenyewe. Mpaka jikoni." Maneno ni karibu yale yale. Sasa kaa kimya, waache wacheke.

Halafu hakimu wako anacheka. Mnyime kabisa! Vioja Mahakamani ya televisheni ya Kenya ilipendwa kwa sababu mahakama ile iliheshimiwa kama mahakama: hakimu makini, na mshitakiwa anautetea uongo wake kwa jasho, kama mtu anayeiogopa jela kweli. Hakimu wako naye aulize kwa uzito wote: "Na maji ya kumnyonyolea, aliyachemsha yeye?" Hapo ndipo ukumbi utaanguka, kwa sababu yeye anataka jibu.

Baba yako usibishane naye. Msimulie habari za Molière wa Ufaransa. Mwaka 1664 alionyesha komedi yake Tartuffe, kuhusu mnafiki anayejificha nyuma ya dini, ikapigwa marufuku. Akaifanyia marekebisho, ikazuiwa tena 1667, hadi ikaruhusiwa 1669. Wakubwa wa nchi wasingehangaika miaka yote hiyo na upuuzi.

Suala la sifa linaniuma hata mimi. Zungumza na kiongozi wa kikundi kabla ya onyesho lijalo: jina la mwandishi liandikwe kwenye bango, na mshereheshaji alitaje pamoja na ya waigizaji. Hiyo si kuringa, ni haki yako.

Ukishamrekebisha hakimu, nitumie tena. Nataka kujua huyo mwizi anajibu nini.