Waridi la jangwani: acheni maji, shikeni kisu

Shikamoo mtaalamu. Nilinunua mbegu za waridi la jangwani kwa mtu wa mtandaoni, nikazifukia, wiki tatu sasa kimya. Kosa ni langu au lake? (Ngaramtoni, Arusha)

Marahaba. Lenu wote wawili, ila lake ni kubwa. Mbegu hizi hazivumilii kukaa. Miezi michache baada ya kuvunwa nguvu yake ya kuota hushuka. Muuzaji asiyejua zilivunwa lini anakuuzia makapi.

Mbegu mpya huchipua kati ya siku 3 na 7 kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Changanya mchanga wa mto sehemu mbili, pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi sehemu moja, na mboji iliyochekechwa nusu sehemu. Laza mbegu ubavu, nyunyizia mchanga juu yake usiozidi nusu sentimita, lowesha, kisha weka penye mwanga na joto. Ukizifukia kama mahindi zinaoza. Zikiota, acha uso wa udongo ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, la sivyo kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha miche chini, kitaangusha miche yote kwa siku mbili.

Bora zaidi, vuna mwenyewe. Maganda hutoka mawili mawili kama pembe. Yafunge uzi mapema, kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo haukusubiri.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki? (Njiro, Arusha)

Swali hili linarudi kila mwezi, na jibu halijabadilika: hakuna "mara ngapi". Chomeka kijiti hadi chini ya chungu. Kikitoka na unyevu, ondoka. Juni na Julai, baridi ya Arusha ikishika na majani yakipukutika, mti umelala, haujafa. Ukiumwagilia kwa huruma ndipo utakufa. Moshi kuna joto zaidi, lakini masika miti huoza kote kote. Mvua ikianza Machi, ingiza vyungu barazani.

Nimeweka tawi kwenye chupa ya maji lichipue mizizi. Limekuwa uji. (Pasua, Moshi)

Ndivyo inavyokuwa. Huu si mti wa kuchipuza kwenye maji, hata video iseme nini.

Kata tawi gumu lenye unene wa kidole gumba, sentimita 15 hadi 20, kwa kisu kilichopanguswa spiriti. Toa majani, futa utomvu, kisha liache kivulini siku 5 hadi 7 mpaka kidonda kikauke na kufunga. Hatua hii ndiyo mnayoiruka, na kidonda kibichi ndicho mlango wa kuvu. Chomeka sentimita 4 kwenye mchanganyiko ule ule wa mbegu, bila mboji, ukiwa na unyevu wa mbali tu. Usimwagilie wiki ya kwanza. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 6, na usiling'oe kuchungulia. Fanya kazi hii Oktoba hadi Februari, kukiwa na joto.

Wangu una miaka mingi, maua yapo, ila chini haujavimba. (Shanty Town, Moshi)

Ulitokana na tawi. Shina la chini linalonenepa vizuri ni la mti wa mbegu.

Nataka ua la tabaka nyingi kama la jirani. Nikipanda mbegu zake nitalipata? (Sakina, Arusha)

Kwa bahati tu. Miti hiyo ni chotara, na watoto hutoka kila mmoja na lake. Ukitaka ua lile lile, bebesha: unganisha kikonyo, yaani kitawi cha mti wa jirani, juu ya mche wako.

Tumia mche wa mbegu wenye shina la unene wa penseli au zaidi. Acha kuumwagilia siku chache kabla. Ukate juu, upasue katikati sentimita 1 na nusu. Kikonyo kiwe na urefu wa sentimita 5 hadi 8 na unene sawa na shina, kisicho na majani, kichongwe kama kabari kwa kiwembe kipya. Futa utomvu pande zote, ingiza, gusanisha gome la kikonyo na la shina walau upande mmoja, kaza kwa mkanda wa nailoni, funika kwa kimfuko na weka kivulini. Fungua baada ya wiki 2 hadi 3. Maji yakiingia kwenye kiungio, anza upya. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungio yatoe, yatakula kikonyo.

Na omba kikonyo kwa jirani. Usikate usiku.

Naweza kuchimba wa porini? (Karatu)

Usichimbe. Ndani ya hifadhi ni kosa la jinai, na nje yake unang'oa mti uliochukua miaka mingi kunenepa, wenye mizizi itakayokatika na kuoza kwako. Chukua maganda machache kwa ruhusa ya wenye eneo.

Utomvu una madhara? Nina mtoto mdogo. (Soweto, Moshi)

Una sumu ya moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale. Vaa glavu, nawa, usiguse macho, weka chungu mahali asipofika mtoto wala mbuzi. Akila, hospitali mara moja, na kipande cha mti mkononi.

Majani yameisha usiku mmoja. (Usa River)

Kiwavi mnene wa kijani. Toka na tochi, mwokote. Wakiwa mmoja au wawili, dawa ya nini?