Usifungue Mashine: Nilichojifunza kwa Vifaranga Waliokufia Ndani ya Ganda

Juma lililopita dada mmoja wa Usa River aliniandikia kwamba ametupa trei mbili za mayai ya kuku wa kienyeji, na kwamba alipoyapasua alikuta vifaranga waliokwisha kuota manyoya wamekufa ndani. Aliuliza, "Dada, nimekosea wapi?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu swali hilo hilo nililiuliza mimi mbele ya mashine yangu ya kutotolesha vifaranga hapa Ngaramtoni, na wakati ule sikuwa na mtu wa kunijibu.

Mashine hiyo niliinunua kwa mkopo wa kikundi chetu cha akina mama. Aliyeniuzia alinihakikishia kuwa inajiendesha yenyewe na kwamba kazi yangu ni kuongeza maji tu. Niliweka mayai 64 mwezi wa Juni, baridi ya Meru ikiwa imekolea. Kioo kilionyesha nyuzi 37.7, nami nikaamini. Siku ya 21 ilipita kimya, wakaanza kutoka siku ya 22 jioni, na hadi siku ya 23 nilikuwa na vifaranga 9, matumbo yamevimba na vitovu havijafunga. Kaka yangu alisema mbele ya wageni kuwa ni heri ningeyauza mayai yale nikalipia watoto michango ya shule. Maneno hayo bado yananiuma. Muuzaji wa mashine naye hakupokea simu yangu tena.

Kosa nililigundua kwa kipimajoto cha kupimia homa, ambacho nilipokilaza katikati ya mayai kilisoma 36.4. Kwa hiyo, mpendwa msomaji, usiuamini mwili wa mashine wala namba ya kiooni kabla hujahakikisha kwa kipimo kingine pale pale mayai yalipolala. Mashine yenye feni inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 37.5 na 37.8, joto likipungua vifaranga huchelewa na kutoka dhaifu.

Mzunguko wa pili ndio ulionifundisha kwa machozi. Joto lilikuwa sawa, mayai niliyageuza mara tano kwa siku, na nilipoyamulika kwa tochi siku ya 7 niliona mishipa myekundu katika mayai 51 kati ya 60. Usiku wa siku ya 20 nikasikia mlio kutoka ndani ya ganda. Nililia kwa furaha, na ni furaha hiyo iliyowaua, maana kila nusu saa nilifungua mlango kuwatazama. Kila nilipofungua, unyevu ulitoka, utando unaomzunguka kifaranga ukakauka na kumgandia, akashindwa kujizungusha ili akate ganda. Nilipoona wamekwama nikaanza kuwabandua kwa kucha. Damu ikatoka, na kiini kikaning'inia nje ya tumbo. Nilipoteza 28.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kifaranga aliyetoboa tundu la kwanza bado ana kazi. Anajifunza kupumua, damu iliyo katika mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinaingia tumboni, shughuli inayoweza kuchukua saa 12 hadi 24. Sisi tunadhani amekwama, kumbe anamalizia kuumbwa. Mama yangu kule Kibosho hajawahi kuwa na mashine, lakini tetea wake anapofikia siku za mwisho hanyanyuki hata amwagiwe mahindi, na hakuna anayemfunua kumchungulia.

Sisi wa Arusha tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu, kwa kuwa mji wetu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa nyembamba yai hupoteza maji upesi kuliko Tanga au Dar es Salaam. Mimi hushika unyevu wa asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha nausogeza hadi 65 au 70, na maji huyaongeza kwa mpira mwembamba unaopita kwenye tundu la hewa. Umeme ukikatika, funika mashine kwa blanketi, ila tundu la hewa liache wazi, wala usifungue.

Mengine mnayajua: jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10, mayai yasiyozidi siku 7, na yasioshwe.

Mwezi uliopita niliweka mayai 60, yenye mbegu yakawa 54, na ilipofika siku ya 18 niliacha kugeuza, nikajaza maji, nikafunga chumba na kumkabidhi ufunguo mama jirani. Alinirudishia siku ya 21 usiku. Walikuwa 47, wakavu, wakilia kwa nguvu. Kaka yangu alikuja kununua 10, akawashika mmoja mmoja, akaniambia, "Hongera, mdogo wangu."

Kwako wewe wa Usa River: weka trei nyingine. Watakapotoka, waache ndani mpaka wakauke kabisa. Kiini kilichoingia tumboni mwao kinawatosha kwa saa 48, kwa hiyo mlio wao usikutie hofu ya njaa. Nitumie tarehe utakayoyaweka, nami nitakupigia siku ya 18 asubuhi, kabla hujafunga mlango.