Jirani analalamikia antena yangu: nifanyeje?

Ndugu mwanachama, umeuliza ufanyeje iwapo spika za jirani hukoroma kila unaporusha mawimbi ya redio yako ya ridhaa kwenye bendi ya mita 40 (masafa ya takriban megahezi 7). Tafadhali usianze kwa kumwonyesha leseni. Mwombe asikilize sebuleni kwake huku ukirusha kwa wati 100, kisha kwa wati 10, mpate kujua pamoja kama chanzo ni wewe. Mara nyingi waya wa spika ndio unaonasa mawimbi, na dawa yake ni kuuzungusha mara saba au nane kwenye pete ya feraiti (kauri ya sumaku inayozuia mawimbi ya redio kupita kwenye waya), ambayo nakusihi uinunue wewe mwenyewe. Daipoli yako, yaani antena ya waya inayolishwa katikati, yenye urefu wa takriban mita 20, isipite kamwe juu ya uwanja wake, na umbali kati ya mlingoti na ukuta wa mpaka uzidi urefu wa mlingoti, ili ukianguka uangukie kwako.