Ukikutana na 4,294,967,297, usikimbilie kugawanya

Wewe unayeanza kuchezea namba kubwa, nianze na aibu yangu. Nilipewa 4,294,967,297 nikaulizwa kama ni namba tasa. Nikachomoa kikokotoo. Ni witiri, kwa hiyo 2 haiigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 haimo. Haiishii na 0 wala 5. Nikajaribu 7, 11, 13, nikaenda hivyo hivyo mpaka nikapita 200, kidole kikachoka, nikaandika: "Ni tasa." Nikapigwa mkasi mwekundu.

Hata kama ningekuwa na subira ya punda, njia yenyewe ilikuwa mbovu. Kipeuo cha pili cha namba hii kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo mno, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Nani atazimaliza kwa mkono?

Kwanza uliza namba imetoka wapi. Toa 1, unabaki na 4,294,967,296, na mtu yeyote wa kompyuta ataitambua: ni 2^32, yaani 2 kwa kipeo cha 32. Kwa hiyo yetu ni 2^32 + 1. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ni tasa, kwa sababu ndugu zake wadogo wa umbo hilo hilo (2^1 + 1, 2^2 + 1, 2^4 + 1, 2^8 + 1 na 2^16 + 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa. (Nilifarijika kidogo kujua nimekosea pamoja na mkubwa.) Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alimkosoa mwaka 1732.

Umbo hilo ndilo linalokupa njia ya mkato. Tuseme namba tasa p inaigawa bila baki. Basi 2^32 ukiigawa kwa p ni kama inabaki −1. Izidishe kwa yenyewe: 2^64 inabaki 1, na hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachotoa baki hilo. Hapo kanuni ya Fermat mwenyewe, isemayo kwamba 2^(p − 1) ukiigawa kwa p inabaki 1, inalazimisha p − 1 igawanyike kwa 64. Ajabu ni kwamba silaha ya kuivunja dhana yake alikuwa nayo mkononi.

Sasa andika namba zinazozidi vigawe vya 64 kwa 1: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa, zinabaki tano. Jaribu 193, 257, 449, 577. Zote zinaacha baki. Ya tano inaingia:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Mara tano tu, na mimi nilikuwa nimeshagawanya mara arobaini na kitu bure.

Usiishie hapo kwa furaha. Je, 6,700,417 nayo ni tasa? Vigawo vyake lazima viwe na umbo lile lile, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Anza na 641 tena, maana kigawo kinaweza kujirudia, kisha 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Hizo saba tu, kalamu na karatasi vinatosha.